Nyoka asiye na macho aliyefukuliwa shambani Uyole

Dada yangu wa Uyole, kwanza mpe mama mkwe shikamoo, manake nusu ya swali lako naona ni lake. Umeandika kwamba mlikuwa mnaandaa matuta ya viazi pembeni ya kichuguu, mvua za kwanza zimeshanyesha, jembe likamfukua nyoka wa kahawia anang'aa, urefu sentimita 30 hivi, mwembamba kama kidole chako kidogo, macho hamna, mdomo hamna, huwezi kujua kichwa kiko upande gani. Mtoto wa miaka 6 akamwahi akamshika, afu akalia kwamba kachomwa kiganjani. Bibi yake akasema huyo ni nyoka wa vichwa viwili, mchana anauma kwa kichwa na usiku kwa mkia, basi mtoto akachanjwa kwa wembe akawekewa jiwe la nyoka, shimo likamwagiwa mafuta ya taa. Wiki imepita mtoto anacheza kama kawaida, na wewe unauliza ni nyoka gani, ana sumu au hana, na je wapo wengine humo shambani.

Jibu la haraka ili leo ulale: ni nyoka kipofu, hana sumu hata tone, na mtoto wako hakung'atwa. Hata angetaka kung'ata asingeweza, mdomo wake ni mdogo mno na uko chini ya pua, umerudi nyuma kidogo, ukimwangalia kwa juu huuoni kabisa ndo maana mkasema hana. Haufunguki kiasi cha kushika ngozi ya mtu. Kilichomchoma ni ncha ya mkia. Hawa nyoka wana mwiba mdogo mwishoni mwa mkia, ni gamba gumu tu lenye ncha, halina tundu wala mfuko wa sumu nyuma yake, anautumia kujikita kwenye udongo ili asukume mwili mbele. Ukimshika mkononi anatafuta pa kujikita, na panapopatikana ni kiganja chako. Inashtua, haidhuru.

Kwahiyo siku ile nzima kitu pekee kilichomuumiza mtoto ni wembe, naomba hili mama mkwe aambiwe taratibu na mtu anayemheshimu. Kuchanja hakutoi sumu hata pale ambapo sumu ipo kweli, kunafungua mlango wa vidonda na pepopunda. Na lile jiwe jeusi, mara nyingi ni kipande cha mfupa uliochomwa, linanata kwenye kidonda kwa sababu ni kavu na lina vitundu vinavyonyonya unyevu, watu wanaona limenata wanasema linavuta sumu. Halivuti. Nyoka wengi wanaotugonga ama hawana sumu ama hawakuitoa, mtu anapona, sifa inaenda kwa jiwe. Mpeleke mtoto zahanati waangalie kidonda na kadi yake ya chanjo, hilo ndo la kufanya leo.

Sasa tumwongelee mwenyewe, manake ni kiumbe cha ajabu na huwa nasikitika anavyokufa kwa kesi isiyo yake.

Duniani kuna spishi zaidi ya 400 za nyoka vipofu, yaani katika kila nyoka 10 ambao sayansi imewapa majina mmoja hivi ni wa kundi hili, na watu wengi wanaishi mpaka wanazeeka hawajamuona hata mmoja kwa sababu wako chini ya miguu yetu. Ukoo wao ulishajitenga na nyoka wengine zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, enzi za dinosaria. Kwetu Tanzania kuna familia mbili. Ya kwanza wataalamu wanaiita Typhlopidae, hao ndo nyoka vipofu wenyewe, wengine wanene wa kutosha. Ya pili ni Leptotyphlopidae, hawa ni vijinyoka vyembamba sana kama uzi mnene, vyeusi au kahawia iliyokolea, vingi havifiki sentimita 20, ukikiona kwenye udongo unadhani nyungunyungu amekauka. Mmoja wao anaitwa Leptotyphlops emini, Boulenger wa London alimpa jina hilo mwaka 1890 kwa heshima ya Emin Pasha, yule Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki enzi hizo. Nyoka mdogo kuliko wote duniani naye ni wa familia hiyohiyo, anaishi kisiwa cha Barbados, Tetracheilostoma carlae, alitangazwa mwaka 2008 na ana urefu wa sentimita 10 tu.

Huyo wenu kwa unene ulioutaja sio wa uzi. Ni wa jenasi (yaani kundi dogo ndani ya familia) ya Afrotyphlops, na naegemea kwamba alikuwa mtoto au kijana wa yule mkubwa, Afrotyphlops mucruso, ambaye anapatikana kuanzia huku kwetu kushuka Zambia, Malawi, Msumbiji mpaka Zimbabwe. Mzungu mmoja wa Berlin anaitwa Peters ndo alimwandika kisayansi mwaka 1854 kwa nyoka aliyetoka Tete, Msumbiji. Akikomaa anakaribia sentimita 90, mnene kama mpini wa jembe, yeye na ndugu yake wa kusini anayeitwa schlegelii ndo nyoka vipofu wakubwa kuliko wote duniani. Kwahiyo ukija kufukua wa karibu mita moja usikimbie kusema mama yake yule amekuja kulipiza, ni kweli anaweza kuwa mama yake ila kulipiza hajui. Rangi yake inayumba sana, akitoka kujivua ngozi anakuwa wa bluu ya kijivu, baadaye anageuka kahawia au manjano yenye mabaka, ndo maana jirani mmoja ataapa alikuwa mweusi na mwingine ataapa alikuwa wa njano na wote wanasema kweli.

Na sio huyo tu. Ukienda Udzungwa, upande wa Iringa kule, yupo Afrotyphlops nigrocandidus, mgongo mweusi tumbo jeupe, amepewa jina mwaka 2000 tu, yaani sisi tulishakuwa na simu za mkononi mnyama huyu bado hajaandikwa. Kule Urungu, kusini mwa Ziwa Tanganyika, alipatikana mwingine mwembamba wa kutisha anaitwa Letheobia gracilis, Sternfeld alimwandika mwaka 1910. Hao wa Letheobia ngozi yao ni ya waridi iliyopauka, haina rangi, kwa sababu maisha yao yote ni gizani na rangi ya nini.

Umesema hana macho. Anayo, ila yamefunikwa na gamba, yanaonekana kama vidoa viwili vyeusi chini ya kioo cha maziwa, na kwa nyoka mkubwa ukipata mwanga mzuri utayaona. Hayaoni sura ya kitu, yanajua mwanga na giza basi, na kwa kazi yake hiyo inatosha kwa sababu taarifa anayoihitaji ni moja tu, nimetoka nje au bado niko ndani. Vingine vyote anavijua kwa ulimi na harufu. Ndo maana nikimpata huwa naangalia ulimi, upande unaotoa ulimi ndo kichwa, ubishi umeisha. Fuvu lake pia ni tofauti na la nyoka wa kawaida, limeungana likawa gumu mbele, kwa sababu kichwa ndo sururu yake. Koboko na chatu mifupa ya kichwa inalegea na kutanuka ili wameze kitu kikubwa, huyu amechagua kinyume, kichwa kigumu cha kuchimbia, mdomo mdogo, na chakula kidogokidogo kwa wingi.

Na hapo kwenye kula ndo penye uhondo. Chakula chao ni mchwa na sisimizi, hasa mayai na mabuu na bundo, vile vilaini vinavyokaa ndani kabisa ya kiota. Sasa fikiria tatizo lake: chakula kiko katikati ya nyumba yenye askari maelfu, kila mmoja ana meno, na wewe mdomo wako ni mdogo. Chatu akikamata swala anaweza kumaliza saa nzima anameza kwa raha zake, nyoka kipofu akikaa muda huo ndani ya kiota atatafunwa yeye. Kwahiyo ameunda njia ya haraka. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Kley na Brainerd, walichapisha walichokiona kwa kurekodi video ya nyoka wa uzi akila: meno yako taya la chini peke yake, na lile taya limegawanyika kushoto na kulia, zile pande mbili zinakunjika kwenda ndani na kurudi nje kama milango miwili, kila zikirudi ndani zinaburuta mabuu kooni. Zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Hakuna nyoka mwingine aliyekuwa anajulikana kula namna hiyo. Afu ukija kwa hawa wakubwa, jamaa wa Afrotyphlops wako, mambo yamegeuzwa, taya la chini halina meno hata moja, meno yote yako juu, na yale mataya ya juu ndo yanayozunguka kuchota, tena kwa kasi hiyohiyo. Yaani familia mbili, tatizo moja, majibu mawili yaliyopishana juu na chini. Mimi hapo huwa nacheka peke yangu.

Wapo hata wanaochagua. Kuna yule mdogo wa kwenye vyungu vya maua, nitamfikia, watafiti wa Japani walitangaza mwaka 2015 kwamba akila mchwa mara nyingine anamkata kichwa kwanza, anashika kwa kiwiliwili na kumburuza chini mpaka kichwa kinakatika, anameza kilichobaki. Vichwa vya mchwa ni vigumu, vikiliwa vinatoka nyuma vizima.

Kwahiyo kichuguu pembeni ya matuta yako sio bahati mbaya, ni ghala lake. Hawa wakubwa wanakula mara chache lakini kwa kujaza, wanaweka mafuta mwilini afu wanakaa muda mrefu bila kula. Na mbona siafu na sisimizi hawamli? Magamba yake yanateleza, ni magumu, yamepangana bila nafasi ya taya la mdudu kuingia, na wale wa uzi wanatoa majimaji karibu na mkia wanajipaka mwili mzima wakijiviringisha, harufu ile wadudu hawaipendi. Huko Texas, Marekani, wanajulikana hata kufuata njia ya harufu ya siafu wa kule mpaka kwenye chakula, yaani anafuata jeshi nyumba kwa nyumba.

Mbona mmemuona sasa na sio mwezi wa saba? Mvua ikianza udongo unajaa maji, hewa inapungua huko chini, wanapanda juu, na ndo wakati mchwa nao wako kazini na kumbikumbi wanajiandaa kuruka. Mwezi wa sita na wa saba Uyole ilivyo baridi na udongo ulivyokauka juu, wao wameshuka chini zaidi. Usiku baada ya mvua kubwa unaweza hata kumkuta barazani au kwenye njia ya miguu amepotea.

Niongeze moja kabla ya kwenda kwenye hatari, najua bundi kwetu hana marafiki ila hii ni hadithi yake. Kule Texas kuna bundi mdogo ambaye panya na wadudu anawaleta kiotani wakiwa wamekufa, lakini nyoka wa uzi anamleta akiwa hai, na yule nyoka anakaa mle ndani ya kiota anaishi, anakula mabuu ya wadudu yanayozaliana kwenye mabaki ya nyama na uchafu wa vifaranga. Gehlbach na Baldridge waliandika mwaka 1987 kwamba vifaranga waliokuwa na nyoka ndani ya kiota walikua haraka na kufa kidogo kuliko wasio naye.

Haya, vichwa viwili. Mkia wa nyoka kipofu ni mfupi sana na butu, unafanana na kichwa, na adui akishambulia mkia kichwa kinapata muda wa kuzama udongoni, ni ujanja wa kuokoa maisha. Kichwa cha pili hakipo, mchana wala usiku. Ila watu wa nyanda za juu wanaita vichwa viwili wanyama wengi tofauti, na ni vizuri uwajue kwa sababu wengi hata sio nyoka. Kuna mijusi wasio na miguu wa jenasi ya Melanoseps, weusi wanang'aa, wako Rungwe na Uporoto na milima ya Udzungwa, hao ni jamaa za guruguru, ukiwakamata mkia unaweza kukatika ukabaki nao mkononi, nyoka kipofu hafanyi hivyo. Kuna wale wa mabondeni kwenye joto wenye pingili za mraba mwili mzima, wataalamu wanawaita amphisbaenia, hao wanaweza kutambaa mbele na kurudi nyuma vizuri tu, na hao ndo wangestahili jina la vichwa viwili kuliko wote, huku kwenye baridi yenu usiwategemee. Na kwenye misitu yenye unyevu ya Udzungwa kuna wengine wenye ngozi tupu ya utelezi isiyo na magamba ya kuonekana, hao ni ndugu wa chura, anaitwa Scolecomorphus kirkii, macho yake yamekaa kwenye kipapasio yanaweza kutoka nje ya fuvu na kurudi. Jamaa yake wa milima ya Taita, Kenya, watoto wanakula ngozi ya mama yao, mama anaiotesha nene yenye mafuta kwa ajili hiyo, iligundulika mwaka 2006. Wote hao hawana shida na wewe.

Mwenye shida ni mmoja, na ndo sababu hili jibu limekuwa refu, ningeweza kukwambia hana sumu nikaishia pale lakini ningekuuza.

Kuna nyoka anaitwa Atractaspis bibronii. Anaishi udongoni vilevile. Ni mweusi au kahawia inayoelekea zambarau, anang'aa, mwembamba, mara nyingi sentimita 40 au 50, kichwa kidogo kisichotofautiana na shingo, mkia mfupi, na cha kuchekesha kisichochekesha, mkia wake nao una ncha mwishoni. Anatoka usiku baada ya mvua, kipindi hichohicho. Yupo sehemu nyingi za Tanzania. Mtu aliyeambiwa na mtaalamu kwamba 'vile vinyoka vya udongoni vyeusi havina neno' ndo mtu anayemshika huyu. Na huyu ana meno marefu ya sumu ambayo hayahitaji kufungua mdomo, anatoa jino moja pembeni ya mdomo uliofungwa, anakuchoma kwa kurudisha kichwa kando na nyuma. Kwahiyo ile mbinu ya kushika nyoka nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, ambayo kwa nyoka wengi inasaidia, kwa huyu ndo unajipeleka mwenyewe, kidole chako kiko palepale jino linapotokea. Hata wataalamu wenyewe wa nyoka wapo waliochomwa naye, kwa sababu ndo wenye mazoea ya kushika.

Utawatofautisha vipi? Macho, kwanza. Bibronii ana macho madogo lakini ni macho, tundu jeusi linaonekana wazi pembeni ya kichwa, la kipofu ni doa chini ya gamba. Mdomo, bibronii ana mdomo wa nyoka unaoonekana mstari wake kwa pembeni. Lakini alama ya uhakika kuliko zote iko tumboni: nyoka wa kawaida wote, bibronii akiwemo, tumboni wana magamba mapana yaliyopangwa moja moja kutoka shingoni mpaka mkiani, nyoka kipofu hana, magamba yake ni madogo saizi moja kuzunguka mwili mzima, mgongo na tumbo huwezi kutofautisha isipokuwa kwa rangi. Na tabia: bibronii akisumbuliwa anakunja shingo, anaelekeza pua chini kwenye ardhi, anarusharusha kichwa pembeni, wakati kipofu hana mpango wa kupigana, anachotaka ni kuzama tu.

Ila umeona tatizo la alama ya tumbo, ili uione lazima umgeuze, na kumgeuza kwa mkono ndo kosa. Kwahiyo sheria nayowapa watu wa mashambani ni moja na haina masharti: nyoka wa udongoni hashikwi kwa mkono, hata ukiwa na uhakika, na hata kwa glovu za kazi usijidanganye manake jino lile linapita. Tumia koleo, mchote pamoja na udongo wake, mpeleke pembeni, basi. Watoto wafundishwe hivyohivyo, sio kwamba nyoka ni shetani, wafundishwe kwamba tunaangalia, hatushiki. Kama unataka kujua ni nani, mweke kwenye chupa ya maji ya plastiki inayopitisha mwanga kwa kumsukumia na kijiti kirefu, funga, utaangalia tumbo lake kwa chini kwa raha, piga picha, afu mwachie. Usiku mkitoka nje vaeni viatu vilivyofunika mguu, sio kandambili, na tochi imulike chini.

Ikitokea mtu amechomwa na bibronii utajua, hamna haja ya kubahatisha, maumivu yanakuja papo hapo na ni makali, sehemu inavimba, baadaye inaweza kutoa malengelenge na ngozi kuoza, wapo waliopoteza ncha ya kidole. Kifo ni nadra. Vua pete na bangili kabla uvimbe haujaja, tuliza kiungo kisichezechezwe, nenda hospitali. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usiweke jiwe. Na hili muwaambie ndugu mapema ili wasigombane na manesi: dawa ya kuzuia sumu inayotumika kwa kifutu na koboko na swila haifanyi kazi kwa sumu ya huyu, kwahiyo mkiona daktari anatoa dawa za maumivu, anasafisha kidonda na kumlaza mgonjwa kumwangalia, hajawanyima kitu, ndo tiba yenyewe.

Turudi kwako. Wapo wengine shambani? Ndiyo, karibu lazima. Penye kichuguu hai na udongo laini hawezi kuwa mmoja peke yake, wale wakubwa wanataga mayai hata makumi kwa mara moja, na wamekuwepo tangu kabla hamjanunua kiwanja. Hawali viazi, hawali mizizi, hawagusi mbegu, na kila anachokula ni mdudu ambaye baadhi yenu mnanunua dawa dukani kumuua. Simaanishi kwamba atakumalizia mchwa, kundi la mchwa ni kubwa mno kwa nyoka mmoja, ila hana hasara yoyote kwako. Mafuta ya taa ndo yana hasara, umemwaga kwenye udongo utakaopanda chakula, viini hai vya udongo vimeungua na pale viazi vitakuwa dhaifu kwa muda. Hayo matuta mawili matatu ya karibu na shimo msipande viazi msimu huu, fukueni udongo ulioloa mutandaze juani upate hewa, muugeuzegeuze na mboji. Na nyoka hamjamfukuza kokote, ameshuka tu.

Umegusia pia kwamba shemeji yako ana biashara ya miche na maua na ameshakuta 'viminyoo vyeusi vyenye magamba' kwenye vyungu alivyoagiza kutoka Dar. Huyo naweza kumtaja bila wasiwasi mwingi, ni Indotyphlops braminus, asili yake ni Asia ya kusini, amejaa Pwani na Zanzibar, amezunguka dunia nzima kwa kujificha kwenye udongo wa vyungu kuliko nyoka mwingine yeyote. Urefu hauzidi sana sentimita 15. Siri ya mafanikio yake ni kwamba wote ni majike. Dume hajawahi kuthibitishwa, jike anataga mayai bila kupandwa na wanatoka majike wengine wanaofanana naye, ana seti 3 za kromosomu, yaani vibebeo vya urithi, badala ya 2 tulizonazo sisi. Kwahiyo chungu kimoja chenye nyoka mmoja kinatosha kuanzisha ukoo. Hana madhara kwa mtu, ila ni mgeni, na sioni sababu ya kumsambaza milimani ambako tuna wa kwetu. Shemeji akipokea vyungu atoe mmea, akung'ute udongo juu ya turubai jeupe, akimkuta asimwachie bustanini.

Na la mwisho uliloandika chini kabisa, kwamba siku ya pili yake kuku wako mmoja alionekana anavuta kingine kidogo kutoka kwenye tuta na kukimeza, na sasa mama mkwe amekataza mayai yake yasiliwe. Kuku wanakula hivyo vinyoka kila wakivipata, havina sumu ya kupita kwenye nyama wala kwenye yai. Kaangeni.